Muulize Bi Fundi: Isome cherehani kabla hujaitia bei

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinataka kujua umri wa cherehani iliyokuwa ya bibi, ya baba, au ya jirani aliyehama. Nimefurahi sana. Miaka ya nyuma mlikuwa mkiniandikia kuuliza nani ananunua skrepa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Bibi mzaa mama ametutoka mwaka jana, akaniachia cherehani ya mkono aina ya Singer. Ina beji ya shaba yenye duara la buluu, na juu yake kuna miaka miwili, 1851 na 1951. Mjomba anasema ni ya 1851, tusiiuze chini ya milioni kumi. Namba yake inaanza na EH. Je, ni kweli? (Mjukuu, Muheza)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na poleni kwa msiba. Mjomba amesoma sawasawa, tarakimu ziko pale, ila hazizungumzii cherehani yenu. Mwaka 1851 ndipo Isaac Merritt Singer alipopewa hataza ya mashine yake huko Marekani. Ilipofika 1951 kampuni ilitimiza karne, ikaadhimisha kwa kubandika beji yenye duara la buluu kwenye cherehani zilizotoka viwandani karibu na mwaka huo. Maneno ya pembeni ya beji ni ya kusherehekea miaka mia ya ushonaji. Kwa hiyo ukiona beji hiyo, ujue cherehani ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zile za 1851 zilikuwa mashine nzito za kiwandani, na kasha la mbao lililotumika kuzisafirishia ndilo lililogeuzwa meza yake. Si chombo ambacho bibi angekiweka mkekani akashona gauni la Idi.

Namba yako inathibitisha. Herufi mbili zinazoanza na E ni za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, na zilianza kutumika katikati ya miaka ya 1930. EH inaangukia humo humo karibu na 1951. Sasa tazama chini ya beji. Ukiona kibati kidogo kimeandikwa 99K, umeshapata jina lake kamili. K ni ya Kilbowie, sehemu ya Clydebank kilipojengwa kiwanda. Hiyo 99 ni umbo dogo la Singer 66. Bobini yake ni ya mviringo, imelala, unaiona kwa juu ukivuta kibati kando ya sindano.

Milioni kumi hutazipata. Za aina hiyo zilitengenezwa kwa wingi mno, na hicho ndicho kilichozifikisha hadi Muheza. Lakini inashona, sindano yake ni ile ya kawaida inayouzwa kila duka la vifaa vya ushonaji, na chuma chake kitamzidi umri mjukuu wako. Nenda nyumbani kwa bibi utafute kifuniko cha mbao, ufunguo wake, na kikopo cha vifaa vidogo vya kukunjia pindo. Mara nyingi hivyo hubaki kabatini vikachanganywa na vifungo, kisha vikatupwa siku ya kufagia. Cherehani iliyokamilika na vitu vyake ni jambo jingine kabisa kwa mkusanyaji.

SWALI: Bi Fundi, mimi ni fundi nguo Mombasa. Nimenunua kichwa cha cherehani kwa muuza vyuma chakavu, kwa kilo. Rangi imechubuka yote, jina halionekani, meza haina. Chini kuna kitu kirefu chenye ncha kama risasi, kinabembea mbele na nyuma. Nikitia sindano uzi unakatika au haushiki. Ni aina gani, na je, imekufa? (Fundi, Mombasa)

JIBU: Fundi mwenzangu, umeanza mahali penyewe: umetazama chini. Wengi hutazama rangi na maua. Rangi hubanduka, maua hufutika, na tena pambo moja liliwekwa kwenye aina zaidi ya moja. Yule mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu, Sfinksi, utamkuta kwenye Singer za namna tofauti. Ukimtafuta mtu kwa shati alilovaa jana utampoteza. Cherehani hujulikana kwa jinsi inavyochukua uzi wa chini.

Namna utakazokutana nazo huku kwetu ni tatu. Kongwe kuliko zote ni ya kijumba cha uzi chenye umbo la mashua, kinachokwenda kushoto na kulia kwa mstari ulionyooka. Singer 12, iliyoanza 1865, ni ya namna hiyo. 48K pia, na cherehani nyingi za Kijerumani za zamani. Ya pili ni hiyo yako, ya risasi, ambayo kijumba chake hakinyooki bali kinabembea kwa upinde. Ya tatu ni ya bobini ya mviringo tuliyoizoea. Hapo napo tenganisha. Bobini ikiwa imesimama na unaichomoa kwa mkono wa kushoto, huo ni ukoo wa Singer 15. Ikiwa imelala, unaiangalia kwa juu, basi ni 66, au mdogo wake 99, au 201 ya miaka ya 1930 na baadaye.

Za risasi kwa upande wa Singer ni nne: 27, 28, 127 na 128. Chukua futi yako ya kupimia wateja, pima urefu wa kitako. Ukipata kama sentimita 37, una 27 au 127. Ukipata kama sentimita 31, una 28 au 128. Kisha vuta kibati cha mbele, zungusha gurudumu hadi kijumba kije karibu nawe, utazame kinakolala. Kikiwa na kitufe cha kubonyeza ili kinyanyuke chenyewe, ni 127 au 128, yaani zile za baadaye. Ukilazimika kukichokoa kwa kidole, ni 27 au 28.

Sasa umri. Namba imegongwa kwenye kitako, upande wa kulia, karibu na nguzo. Kwenye kichwa kama chako itakuwa imefunikwa na mafuta yaliyoganda yakawa kama lami. Tafadhali usiguse hapo kwa msasa wala brashi ya waya. Weka tone la mafuta ya cherehani, liache lilainishe, futa kwa kitambaa cha pamba, rudia mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Halafu chukua chaki yako bapa, ile nyeupe ya kuchorea suti, ipitishe kilalo juu ya namba mara kadhaa, upanguse kwa ncha ya kidole. Unga hubaki ndani ya mikwaruzo, na tarakimu husimama nyeupe juu ya chuma cheusi. Ukimulika taa ya simu kwa ubavuni, si kwa juu, utaona hata ile tarakimu iliyogongwa kwa mkono mwepesi.

Namba isiyo na herufi yoyote ni ya kabla ya 1900. Baada ya hapo Singer waliweka herufi mbele, na herufi ndiyo inayokutajia kiwanda. Ninazoletewa mimi hapa pwani ni za Clydebank kwa wingi: F, ya miaka ya 1910, Y, ya miaka ya 1920 hadi katikati ya 1930, kisha zile herufi mbili zinazoanza na E. Ukiona G, au herufi mbili zinazoanza na A, imetoka Elizabeth, New Jersey. C ni Wittenberge, Ujerumani. Herufi mbili zinazoanza na J ni Kanada. Kumbuka kwamba namba zilitolewa kwa mafungu makubwa kabla cherehani hazijauzwa, kwa hiyo mwaka wa namba si mwaka wa risiti. Huenda ilikaa dukani muda mrefu kabla ya kupata mwenyewe.

Ndugu yangu, hicho kichwa ulichopewa kwa kilo kina historia nzito. Mwaka 1913 pekee, Clydebank ilitoa cherehani zaidi ya milioni 1.3. Miaka miwili kabla ya hapo, wafanyakazi kama 11,000 walikuwa wamegoma pale. Mnara wa saa wa kiwanda ulibomolewa 1963, kiwanda chenyewe kikafungwa 1980, lakini kituo cha treni kilichokuwa kikiwashusha wafanyakazi hadi leo kinaitwa Singer. Mikono ya watu hao ndiyo iliyokaza skrubu unazozifungua wewe Mombasa.

Kuhusu uzi kukatika: nina hakika karibu yote kwamba umeweka sindano kwa mazoea ya cherehani za sasa za meza. Kwenye ukoo wa 15, ambao ndio tunaoufanyia kazi kila siku, ubapa wa shina la sindano hutazama kushoto na uzi hupenyezwa kutoka kulia. Kwenye hizi za risasi ni kinyume: ubapa hutazama kulia, uzi unaingia kutoka kushoto. Sindano ni ile ile, namba 15x1, ila imegeuzwa. Nimeletewa cherehani za risasi zilizokwisha kutangazwa maiti, na hazikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa huo. Igeuze, zungusha gurudumu kwa mkono polepole, uangalie kama ncha ya kijumba inapita kwenye kitanzi cha uzi nyuma ya tundu la sindano. Ikipita, kata kipande cha kanga ujaribu.

Kabla hujaifurahia sana, kagua kijumba chenyewe. Kina kipande chembamba cha chuma ubavuni kinachobana uzi, kimeshikwa na skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta. Kikiwa kipo na kimenyooka, una bahati. Hicho kijumba na bobini yake ndefu ndivyo vinavyopotea kwanza, na kichwa bila kijumba hakiwezi kufunga mshono hata mmoja.

SWALI: Mimi ni fundi viatu Dodoma. Mashine yangu ina mkono mrefu mwembamba, na mguu wake unageuka pande zote. Kijana mmoja anataka kuinunua aweke mgahawani kama pambo. (Fundi viatu, Dodoma)

JIBU: Hiyo ni Singer 29K, au mwigo wake. Mguu ndio unaovuta ngozi kwa juu, badala ya meno ya chini, na kwa sababu unageuka mzunguko mzima unaweza kushona kiraka ndani ya kiatu bila kukizungusha. Kama inakulisha, usiuze. Kijana atafute pambo jingine.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Fundi. Wamekuja watu na gari hapa Wete wakitafuta Singer za zamani. Wanasema ndani yake mna zebaki nyekundu. Waliweka simu karibu na sindano ya cherehani ya mama mkwe, mtandao ukakatika, wakasema ipo. Wanaahidi milioni themanini, ila kwanza tutoe laki tatu za kipimo. Mume wangu anataka kukopa. Nifanye nini? (Mama watoto, Pemba)

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, mzuie mumeo leo hii, kabla jua halijazama. Msitoe hata shilingi.

Nimefungua cherehani hizi hadi skrubu ya mwisho, za kila umri. Ndani mna chuma cha kusubu, chuma pua, nikeli iliyopakwa juu ya vipande vinavyong'aa, shaba kidogo, na vumbi la pamba lililoganda na mafuta. Hakuna chupa, hakuna kimiminika, hakuna siri ndani ya sindano. Kuhusu hiyo zebaki nyekundu inayodaiwa kufichua dhahabu, kufukuza majini na kutengeneza mabomu, hakuna kitu cha namna hiyo. Ni hadithi ya kuwalia watu pesa, imezunguka nchi nyingi.

Mwaka 2009 uvumi huu huu uliikumba Saudi Arabia. Watu walikimbilia masokoni kutafuta Singer za bibi zao, bei zikapanda hadi kutajwa riyali 200,000 kwa cherehani moja. Kipimo kilikuwa hicho hicho: unasogeza simu karibu na sindano, ikikatika basi zebaki ipo. Polisi wakaanza kuchunguza chanzo cha uvumi. Simu hukatika Wete kila siku bila cherehani kuwepo, nawe unalijua hilo kuliko mimi.

Angalia wanavyopanga mambo. Ahadi ni kubwa mno, ili laki tatu ionekane si kitu. Mkishalipa kipimo, itakuja gharama ya mtaalamu, kisha ya kibali, kisha ya mnunuzi anayetua kesho kutoka nje. Au watamtuma mwenzao awauzie cherehani "yenye zebaki" kwa milioni mbili, mkiamini mnunuzi wa themanini anasubiri. Hakuna anayesubiri. Nendeni polisi mkaeleze sura na namba ya gari, na mzungumze na sheha, maana hawatakuwa wamebisha hodi kwenu peke yenu.

Linaloniuma zaidi ni vyombo vyenyewe. Nimeletewa vichwa vilivyotobolewa kwa drili kwenye nguzo, vingine vimepasuliwa kwa nyundo na watu waliokuwa wakitafuta hicho kisichokuwepo. Chuma cha kusubu kikipasuka hakiungiki kwa namna ya kuaminika. Cherehani ya mama mkwe iwekeni ndani, ipeni mafuta, mtoto wa kike na wa kiume wafundishwe kushona foronya.

SWALI: Shikamoo. Baba alifanya kazi wakati wa ujenzi wa TAZARA na mwaka 1974 akamnunulia mama Butterfly ya miguu. Bado inashona. Kwa wakusanyaji, hiyo nayo ni ya zamani au ni ya juzi tu? (Binti wa reli, Mbeya)

JIBU: Marahaba binti yangu. Kwa kawaida wakusanyaji huita kale kabisa kitu kilichopita miaka mia, na cherehani ya mama haijafika huko. Lakini mimi sikubaliani na wanaoidharau Butterfly. Imetoka Shanghai, na kwa Wachina wa miaka ile cherehani ilikuwa moja ya vitu vinne ambavyo familia inayoanza maisha ilivitamani: baiskeli, cherehani, saa ya mkononi na redio. Wakati wa ujenzi wa reli, bidhaa za Kichina ziliuzwa huku ili kupata fedha za kulipia gharama za ndani za mradi, na madukani zilijaa. Cherehani yenu ni shahidi wa kipindi hicho, na mnaujua mwaka wake na mkono ulioinunua. Kuna Singer nyingi za F ambazo hazina hata nusu ya habari hiyo.

Kwa umbo, ni mtoto wa Singer 15. Fungua kibati cha kushoto utaona bobini imesimama; kikaza uzi kiko ubavuni, kushoto, si mbele. Wajapani baada ya vita waliifuata sana 15, Wachina wakaifuata, na Usha ya India imo humo humo. Faida kwenu: kesi ya bobini, bobini, sindano na vipuri vingi vinaingiliana. Tahadhari kwa mkusanyaji: hiyo ndiyo sababu utakuta Singer 15 ya zamani ina kesi ya Butterfly na gurudumu la Usha. Si kosa, mafundi wetu waliokoa cherehani kwa njia hiyo. Ila ukinunua kwa bei ya kitu kamili, linganisha rangi ya nikeli na uchakavu wa vipande. Kipande kimoja king'aavu katikati ya vilivyofubaa, kimehamia.

Hata meza za miguu zimehama sana. Neno SINGER lililosubiwa kwenye chuma cha chini halithibitishi kilicho juu.

SWALI: Nina duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, Unguja. Watalii wanapenda cherehani zinazong'aa. Nina tatu zimechakaa, nimepanga kuzipiga rangi nyeusi ya dawa na kubandika maua mapya ya dhahabu. Unashauri rangi gani? (Mwenye duka, Unguja)

JIBU: Nakushauri usipige rangi yoyote. Nakuomba, kwa kweli. Ukishapaka, umefuta jina, maua na mikwaruzo ya vidole vya aliyeitumia, na mkusanyaji anayejua hatakupa hata bei uliyonunulia. Mtalii asiyejua atanunua moja. Anayejua atatoka na kuwaambia wenzake.

Nitakuambia cha kufanya, na kitakushangaza. Maua ya dhahabu kwenye cherehani za zamani yamefunikwa na vanishi nyembamba ya lakri. Uchafu wa kahawia unaouona juu yake aghalabu ni mafuta ya miaka na vumbi, na chini yake maua yako salama. Lakini vanishi hiyo huyeyushwa na spiriti. Ukipangusa kwa spiriti, au kwa kitakasa mikono, maua yatakuja na kitambaa chako mbele ya macho yako, na hakuna wa kuyarudisha. Sabuni kali na maji pia mbaya, na dawa za vioo zenye amonia ziweke mbali.

Tumia mafuta safi ya cherehani tu. Paka kwa pamba, subiri, futa bila kukandamiza, kwa kuzungusha kidogo kidogo. Kwenye maua punguza mkono zaidi. Kazi hii ni ya siku kadhaa na haina mkato. Dhahabu itakavyoanza kujitokeza kutoka kwenye ule ukahawia, kwanza ukingo wa jani, halafu mshipa wake, utaelewa kwa nini nakukataza kopo la dawa.

Gurudumu likigoma kuzunguka, usilipige. Tia mafuta ya taa matone machache kwenye kila tundu la mafuta na kila kiungo, lakini yasifike kwenye maua. Acha usiku kucha, tikisa kwa mkono mbele na nyuma. Likianza kulegea, yafute yote uweke mafuta ya cherehani, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi, yanaosha tu. Mafuta ya nazi na ya kupikia ndiyo yaliyogandisha nusu ya cherehani ninazoletewa, kwa hiyo usije ukayarudia. Ondoa pia kibati cha sindano ukatazame kati ya meno: utakuta blanketi la nyuzi lililoshindiliwa, gumu. Lichokoe kwa kijiti cha mshikaki. Ukiweza, weka kidogo ya nyuzi hizo kwenye bahasha. Rangi zake zinakuonyesha kilichokuwa kikishonwa, kaniki, khaki au hariri, na wateja wako wataipenda hiyo bahasha kuliko rangi ya dawa.

SWALI: Bi Fundi, naandika kutoka Maskati. Nyanya yangu alihama Unguja na cherehani ya mkono, ndogo, kitako chake kimebanwa kiunoni kama fidla, na juu kuna vipande vya lulu ya chaza. Ina sindano moja tu. Dada yangu aliye Dar es Salaam anataka nimpelekee ashonee. Itamfaa? (Mjukuu, Maskati)

JIBU: Hongera kwa kuitunza. Kitako cha namna hiyo, pamoja na lulu ya chaza, vinaelekea Singer 12. Hakikisha kwa kutazama chini: kijumba kiwe cha mashua, kikienda kwa mstari ulionyooka. Namba tumia ile kubwa zaidi kwa hesabu kama ziko mbili. Ikiwa haina herufi, umekwisha kuvuka nyuma ya 1900.

Kushonea, hapana. Sindano ya Singer 12 ni ya aina yake, 12x1, haitengenezwi tena, na 15x1 ya madukani si mbadala wake. Hiyo moja mliyo nayo ikivunjika kwenye mkunjo wa jinzi, mmebaki na pambo. Itoeni sasa, muifunge kwenye kipande cha flana kilichopakwa mafuta, muiweke ndani ya kasha lake, mahali ambapo mtoto hatafungua. Dada mtafutie 99K au Butterfly nzuri, zipo Dar.

Kama hata hivyo mnaamua isafiri, ibebe wewe mwenyewe. Ondoa mkono wa kuzungushia kwa kulegeza skrubu, usiuache umening'inia, kwa maana kichwa kikianguka kwa upande ule chuma cha kusubu hukatika shingoni. Toa kijumba na bobini, vifunge peke yake. Jaza nguo laini chini ya kichwa, kati ya nguzo na sindano, na kandokando, mpaka ukitikisa kasha lisitoe sauti. Lulu usiipanguse na chochote zaidi ya kitambaa kikavu. Nitumie picha ya namba na ya kijumba, nami nitakuandikia zaidi toleo lijalo.